Mbwa mgeni na jembe la siku ya tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ina ukarimu na ina masharti: mgeni apumzike kwanza, kisha naye aungane na wenyeji shambani. Ila kuna mgeni mmoja ambaye katika nyumba zetu nyingi hapewi hata hizo siku mbili, naye ni mbwa. Anashushwa kwenye gari mchana, na usiku huohuo tunataka abweke. Jembe lake limetundikwa getini kabla hajafika: "Mbwa mkali."

Jirani yangu mmoja alimchukua mbwa wa miaka minne kutoka kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Mbwa mzuri, mwenye afya, chanjo zote anazo. Wiki nzima ya kwanza mbwa yule alilala karibu na geti, pua imeelekea barabarani. Chakula alikinusa na kukiacha. Watu wakipita, kimya. Jirani akaniambia, na uchungu wake ulikuwa wa kweli: "Nimemnunulia nyama, nimemjengea banda, hata mkia hatikisi. Mbwa gani huyu, hana shukrani?"

Neno hilo, shukrani, limenikaa kichwani tangu siku ile. Shukrani ni aina ya deni, na mwenye deni lazima awe amepokea kitu. Sasa tujiulize: mbwa huyu amepokea nini, na amepoteza nini?

Mtu akihamishwa, hata kwa nguvu, anaweza kuambiwa sababu. Anaweza kubisha, kulia, kupiga simu alikotoka. Mbwa haelezwi kitu. Ulimwengu wake aliujua kwa pua zaidi ya macho: harufu ya mlango, ya viatu vya baba mwenye nyumba, ya ukuta aliokojoa kila asubuhi. Vyote vimetoweka ndani ya safari moja ya gari. Pengine hata jina amebadilishiwa. Nyama na banda ni vitu vyema, lakini kwake ni fidia tu, tena fidia ya sehemu ndogo ya alichonyang'anywa. Anayelipwa fidia hadaiwi asante.

Wasomaji wengi wa hadithi za mbwa watanijibu kwa jina moja: Hachiko. Tunaipenda hadithi yake. Mbwa wa profesa Hidesaburo Ueno wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliyezoea kumpokea bwana wake kwenye stesheni ya Shibuya. Profesa akafariki ghafla mwaka 1925, na mbwa akaendelea kwenda stesheni kumngoja mpaka alipokufa mwenyewe Machi 1935. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1934, yeye mwenyewe akiwepo. Hadithi hii hutajwa kila mara kama kilele cha uaminifu.

Ila kuna kipande cha hadithi tunachokiruka. Baada ya profesa kufariki, Hachiko hakuachwa mtaani tu. Alipelekwa kwenye nyumba nyingine, zaidi ya moja, akawa anatoroka na kurudi alikokujua. Mwishowe aliangukia mikononi mwa mtu aliyekuwa mtunza bustani wa profesa, naye bado akaendelea kwenda Shibuya. Ukiisoma hivyo, hadithi ya Hachiko ni hadithi ya mbwa ambaye nyumba mpya hazikumkaa moyoni. Sisi tulitazama huzuni isiyokwisha tukaiita fadhila, tukaijengea sanamu. Mbwa yuleyule angekuwa wako, akatoroka mara tatu kwa wiki kurudi kwa bwana wa zamani, ungemwita Hachiko au ungemfunga mnyororo?

Hapa ndipo ninapoliona swali la kimaadili. Uaminifu tunaoutaka kwa mbwa mgeni ni uleule unaomfanya ashindwe kutupenda haraka. Mbwa anayemsahau wa kwanza kwa siku mbili atakusahau na wewe kwa siku mbili. Kwa hiyo yule anayelala getini akitazama barabara hakosi adabu. Anakuonyesha ni mbwa wa namna gani.

Basi anadaiwa nani? Nasema ni mwenyeji, na deni lake ni la vitu vidogo. Mpe kona moja tulivu ambayo watoto hawaruhusiwi kumfuata. Mletee kitambaa chenye harufu ya alikotoka. Chakula alichozoea kiendelee kwanza, kipya kiingie kidogo kidogo. Mlishe saa ileile, mtoe kukojoa mahali palepale, maana asiyeelewa maneno huanza kuamini kwa ratiba. Akikojoa sebuleni usimpige. Atajifunza kukuogopa wewe, si kuacha kukojoa. Mtoe na kamba, kwa sababu miguu yake bado inajua njia ya kwao. Na usimkumbatie kwa nguvu. Kaa karibu, mwache aje mwenyewe. Wanaowatafutia mbwa makazi mapya wana kipimo chao cha kukadiria: siku 3 za kutulia, wiki 3 za kujifunza nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Si sheria, wengine huchukua mwaka.

Najua mtu atasema: jamani, watu hawana pa kulala, wewe unatuandikia machozi ya mbwa? Hoja hiyo ina uzito. Mwanafalsafa Kant alijaribu kuijibu kwa njia yake. Aliona kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mbwa, ila anayemtendea mbwa ukatili anauharibu utu wake mwenyewe, na ukatili huo utawafikia watu. Nusu ya jibu hilo naikubali. Wapo watu wanaofika majumbani kwetu kutoka mbali, wakakabidhiwa ufagio kabla ya kuonyeshwa kitanda, na wakinyamaza siku ya pili tunasema wana kiburi. Simlinganishi mtu na mbwa. Nasema jicho lisiloona woga wa aliyefika jana ni jicho moja, popote linapotazama.

Nusu ya pili siikubali. Kant anamfanya mbwa kuwa uwanja wa mazoezi ya utu wetu tu. Lakini anayetetemeka chini ya meza si utu wangu, ni mbwa. Bentham, aliyeishi zama zile zile, alitaka tuulize kama mnyama anaweza kuumia, tuache kuuliza kama anaweza kufikiri. Anaweza, na hilo linatosha kumdai mwenye nyumba subira.

Subira hiyo haina risiti. Huenda mbwa asiwe mlinzi hodari, huenda asikupende kama alivyompenda yule wa kwanza. Ukimchukua, chukua na uwezekano huo. Kama huwezi, hakuna aibu kumwachia mwingine tangu mwanzo. Aibu ni kumchukua, kumdai shukrani siku ya tatu, na ya nne kumrudisha barabarani.