Shule ya Mtoto na Rangi ya Wenziwe

Wapo ndugu zetu Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia Marekani, ambao watoto wao huwa weusi peke yao darasani. Mzazi wa namna hiyo huona mbele yake shule mbili: moja ina sifa kubwa ya masomo, lakini karibu watoto wote ni weupe, ya pili ina sifa ya wastani, lakini ina watoto wa kila rangi. Hapo moyo wake humwuliza: Je, ni halali kutazama rangi? Si huo ndio ubaguzi tuulaanio?

Sisi twasema, sivyo. Mbaguzi hutazama rangi apate kumfungia mwenziwe mlango. Mzazi huyu huitazama apate kumlinda mwanawe, wala hamnyimi mtu yeyote haki yake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitangaza mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi ni wajibu wao kupima yote yanayomjenga mtoto na yanayombomoa.

Lakini wako watakaosema: Kila mzazi akikimbilia watu wa rangi yake, kuta zilizobomolewa hazitasimama tena? Neno hili ni zito. Sisi wenyewe twazijua kuta hizo, kwa maana Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika mpaka utaratibu huo ulipofutwa Januari 1962. Hata hivyo twauliza: mzigo wa kubomoa kuta ni wa nani? Novemba 1960, mjini New Orleans, Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita, aliingia shule ya weupe akilindwa na maofisa wa serikali kuu. Wazazi weupe wakawaondoa watoto wao, naye akafundishwa mwaka mzima na mwalimu mmoja, peke yake darasani. Twamheshimu yeye na wazazi wake. Lakini ushujaa wa namna hiyo hutolewa kwa hiari. Haudaiwi kwa mtoto kama kodi.

Wala mchanganyiko peke yake hautoshi. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois aliwaonya watu wake mwaka 1935 kwamba shule ya mchanganyiko yenye walimu wasiomjali mtoto mweusi haimfai kuliko shule ya watu wake yenye walimu wampendao. Basi mzazi asihesabu nyuso tu. Aende shuleni, atazame: Je, mwalimu anamtazamia mtoto huyu makubwa kama wengine? Akitukanwa, nani humtetea? Anao wenzi wa kucheza nao? Shule ikishindwa hapa, sifa zake za mitihani zisimdanganye mzazi. Ikifaulu, asiiogope kwa sababu ya rangi tu.

Nasi tulio wengi katika nchi yetu, neno hili latuhusu. Katika madarasa yetu wamo watoto wa wakimbizi na watoto wa Kihindi. Wazazi wao nao hulala wakiwaza, Je, mwanangu atapokewaje kesho? Jibu la swali hilo li mikononi mwetu na mwa watoto wetu. Tuanze kuwafundisha leo, nyumbani, kabla kengele ya shule haijalia.