Milele si Wingi wa Siku

Juzi, kwenye kilio cha jirani hapa Goma, mhubiri alitufariji kwa habari za uzima usio na mwisho. Mama mzee aliyeketi nami mkekani, ambaye amezika mume na watoto watatu, akaninong'oneza: "Mwanangu, kama huko sitawakuta watu wangu, hiyo milele nitaifanyia nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka moyoni.

Wazee wa pande hizi za Virunga walilitafakari kabla ya misheni kufika. Walisimulia kwamba waliopokewa katika imandwa, jamaa ya Ryangombe, roho waliyemheshimu, wakifa huenda kukaa naye kwenye ubaridi wa Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Wasiopokewa hutupwa katika volkano ya Nyiragongo, kwenye moto ule ambao wekundu wake tunauona angani usiku mawingu yakitawanyika. Tazama vizuri: wa Karisimbi hafi tena, na wa Nyiragongo hafi tena. Kama thamani ingekuwa katika wingi wa siku, hawa wawili wangekuwa sawa. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja yuko kwa watu wake na mwingine hana kwao.

Padri John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika Sasa. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Hata kwa Mbiti, uhai wa marehemu unashikwa na walio hai.

Wapo wanaosema maisha yana thamani kwa sababu yana mwisho, na kwamba yasipokwisha yatachosha. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Sisi wa Goma tunaijua miisho. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikameza nyumba, maduka na kanisa kuu la Saint-Joseph. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Na vita vimetuzikisha wengi kuliko mlima. Kama kupotea ndiko kunakotia vitu thamani, mji huu ungekuwa umeshiba thamani. Mwulizeni yule mama. Kifo hakikuwapa watoto wake thamani, kiliwakuta nayo.

Mimi naiamini milele. Lakini siitamani kama mtu anavyotamani kuongezewa miaka. Naitamani kwa ajili ya nyuso. Baada ya 2002 watu walirudi wakajenga juu ya mawe meusi yaliyokuwa bado ya moto, na wengi waliniambia walirudi kwa sababu ndugu na majirani walikuwa wanarudi. Hawakurudia kiwanja, walirudiana wao kwa wao. Mbingu isiyo na kurudiana namna hiyo itakuwa Nyiragongo, hata kama haina moto.

Msomaji wangu, kama kuna jirani wa kartie yako ambaye hamsalimiani, usimwahirishe hadi mbinguni. Asiyeweza kukaa na jirani siku moja ataishije naye milele? Kampigie hodi leo.