Je, Kazi Mpya Hufuta ya Zamani?

Katika bandari ya Tokyo, mji mkuu wa Japani, imefungwa merikebu iitwayo Sōya. Tangu mwaka wa 1979 watu huizuru kama nyumba ya makumbusho. Twaitaja hapa, wasomaji wapendwa, kwa kuwa maisha yake yatuuliza swali gumu: je, kazi njema ya leo hufuta kazi ya jana?

Sōya ilishushwa majini mwaka wa 1938. Iliagizwa na Urusi ya Kisovieti, ikaundwa imara ipate kupita penye barafu, lakini wenyewe hawakukabidhiwa. Ikachukua bidhaa, kisha mwaka wa 1940 ikaingia katika jeshi la bahari la Japani, kupima vilindi na kupakia shehena za vita. Mwaka wa 1943 ilipigwa na kombora la majini lisilolipuka, ikasalimika. Vita vilipokwisha, iliwarudisha kwao Wajapani waliokuwa ng'ambo. Toka mwaka wa 1950 ikawapelekea walinzi wa minara ya taa mahitaji yao.

Mwaka wa 1956 ikaenda Antaktika na wataalamu, nao wakajenga kituo cha Showa. Lakini Februari 1958 barafu iliizuia isifike. Watu waliokuwa kituoni waliondolewa kwa ndege. Mbwa 15 wa kukokota mizigo wakaachwa katika minyororo, maana watu wa zamu mpya walitazamiwa kufika upesi. Hawakufika. Mwaka wa 1959 mbwa wawili tu walionekana hai, Taro na Jiro.

Wako wasemao: vita ilikuwa kazi mbaya, elimu ni kazi njema, basi njema imelipa deni. Sisi hatuikubali hesabu hiyo. Hata katika kazi njema, tena kwa nia isiyo mbaya, waliachwa viumbe waliotumika kwa uaminifu. Kituo hakikulipa deni lao, wala minara ya taa haikulipa deni la vita.

Merikebu haijichagulii safari. Sifa na lawama ni za walioshika usukani. Basi, yafaa kuitunza? Yafaa, maadamu habari zake zasimuliwa zote. Vivyo hivyo na mtu aliyegeuza mwenendo wake: tumpokee katika kazi yake mpya kwa furaha, lakini tusiwaambie waliodhulumiwa kwamba deni lao limekwisha. Kazi mpya haifuti ya zamani. Huandikwa chini yake, na yatupasa kuzisoma zote mbili.