Nyumba ya Uani

Chukulia wanaume wawili wa upande wa Kyimo, wanaopakana mashamba. Migomba ya mmoja inaangusha majani kwenye chai ya mwenzake, na ugomvi wa hatua chache za mpaka umefika baraza la kata bila kupata dawa. Mmoja ana nyumba ya uani anayoipangisha. Siku moja akaenda Uhamiaji, akasema: "Jirani yangu ni Mmalawi. Kitambulisho cha taifa alikipata kwa udanganyifu."

Ushahidi wake? Bibi mzaa baba wa jirani aliolewa akitokea Karonga, Malawi.

Huku Rungwe, hilo si ushahidi wa kitu. Mpaka wa mto Songwe waliupatana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, na hawakumuuliza mtu aliyekuwa na shangazi ng'ambo. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa ng'ambo wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatazama ulizaliwa wapi na wazazi wako walikuwa raia wa nchi gani; lafudhi haimo. Wakianza kushtakiwa wenye bibi wa Karonga, nusu ya Tukuyu itashinda kwenye mabenchi ya ofisi.

Jirani alihojiwa, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, na watu waliosoma naye shule ya msingi. Alipokuwa akihangaika na makaratasi, chai yake ilipitiliza. Majani yakawa magumu, na majani magumu kiwanda hakiyapokei. Mapato ya msimu yakamponyoka hivyo hivyo, kwa neno la mtu aliyejua kwamba anasema uongo.

Muda wote huo nyumba ya uani ilikuwa na mpangaji, kijana wa mjini aliyelipa kodi maradufu, taslimu. Madirisha aliyaziba kwa turubai. Jioni bodaboda ilishusha mikate kwa viroba na madumu ya maji, ingawa kwenye kamba hapakuanikwa hata shati moja. Usiku vilisikika vikohozi vya watu wengi.

"Baba, mle ndani wamo wangapi?" mke aliuliza.

"Kodi si umeiona? Basi."

Hapa ndipo ninapoumia. Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu, mpakani mwa Malawi, ni mojawapo ya njia wanazopitishwa vijana wa Kihabeshi wanaotafuta Afrika Kusini. Juni 2012, zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na miili yao ikatupwa porini Chitego, wilayani Kongwa. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lililotokea Malawi lilifunguliwa likiwa na maiti 64. Watu wengi namna hiyo hawasafirishwi bila vituo njiani, na vituo vina wenye nyumba na majirani.

Maofisa walipokuja kijijini kuhakiki maelezo, walianzia kwa aliyeyatoa. Wakiwa wamekaa barazani, mtu akakohoa uani. Turubai lilipofunuliwa, vijana walikuwa wamebanana sakafuni, mmoja miguu imevimba hata hawezi kusimama. "Mimi napangisha tu," mwenye nyumba alijitetea. Lakini kumhifadhi mhamiaji haramu huku ukijua ni kosa, na mke wake alikuwa ameuliza mapema. Kulikuwa pia na ile taarifa ya uongo, ambayo Kanuni ya Adhabu inaihesabu kuwa kosa peke yake.

Taarifa anayostahili kuipata ofisa ni ile inayoanza na "niliona": namba ya gari, saa lilipozima taa, nyumba ipi, mikate kiasi gani. "Nasikia" na "anaonekana" ziache nyumbani, na ukoo wa mtu uache hivyo hivyo. Mpelekee mtendaji wa kijiji, polisi wa kata au Uhamiaji. Ukiona uhai wa watu uko hatarini, piga 112. Kama unamshuku kiongozi wa kijiji mwenyewe, mpite, nenda juu yake. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo kwa ajili ya mtu anayesema kwa nia njema. Usirushe picha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, kwa sababu dereva wa wasafirishaji naye huenda yumo na atawahamisha wahamiaji kabla gari la polisi halijawashwa.

Na ukiwakuta wahamiaji wenyewe, usiwapige wala usiwapekue. Fungua mlango hewa iingie, wape maji kidogo kidogo, aliye hoi apelekwe zahanati kwanza. Maswali watayajibu baadaye.