Kelele Ile ni ya Nani?

Kwa Kiswahili, gari bovu hulia. Mtoto hulia, mbuzi hulia, na Probox iliyochoka ikipita kwenye makorongo ya huku Mabamba nayo hulia. Naona neno hilo limekaa mahali pake. Anayelia ana jambo anamwambia mtu. Swali langu ni hili: anaambiwa nani, na ni nani mwenye haki ya kumnyamazisha?

Magari haya tunayaita michomoko. Toyota ilianza kutengeneza Probox mwaka 2002, gari la kazi la kubebea mizigo. Kwetu linabeba watu, maharage, muhogo na kuku, katika njia za vumbi za wilaya ya Kibondo zinazopanda na kushuka kuelekea mpaka wa Burundi. Linaloumia mapema ni eneo la magurudumu ya mbele: shokapu, bushi, boljointi, linki ya stebilaiza.

Siku moja nilikuwa ndani ya mchomoko uliokuwa ukilia sauti mbili. Kila tukipita kijishimo, kitu kiligonga kok-kok. Kila dereva akikata kona, kitu kingine kilikwaruza taratibu kama mlango mkavu. Bibi mmoja aliyepakata mjukuu akauliza, “Mwanangu, hicho kinacholia ni nini?” Dereva akacheka. “Gari tu, bibi.” Bibi akauliza tena, na mara ya tatu dereva akasimama kwa fundi.

Fundi hakuanza kwa kufungua kitu. Aliuliza: linalia wapi, kwenye shimo au kwenye kona, likienda pole au likikimbia? Alikandamiza pembe ya gari akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Shokapu nzima, akasema. Iliyokufa huacha gari likinesanesa. Kisha akapiga jeki, akaweka gogo la kuzuia, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwambia kijana wake akanyage breki, akatikisa tena, nalo likaendelea kucheza. Kama lingetulia, angeshuku beringi ya gurudumu. Akaingiza mtaimbo chini ya boljointi na kuinua, nasi sote tukaona chuma kikipanda pale ambapo hakikupaswa kusogea. Mwisho akafungua linki ya stebilaiza na kulisogeza gari polepole juu ya mawe. Ile kok-kok ikatoweka.

Kumbe kelele kubwa ilitoka kwenye kitu kidogo. Linki ya stebilaiza iliyolegea husumbua masikio, na gari huyumba zaidi kwenye kona, lakini gurudumu halitoki. Boljointi ndiyo inayoliunganisha gurudumu na mkono wa chini. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna la kufanya. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikwaruza kwa sauti ya chini.

Dereva alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Akasema, “Fundi, boljointi ipige grisi tu kwa sindano, inyamaze. Abiria wanalalamika.” Kazi hiyo inajulikana: unatoboa mpira wa boljointi kwa bomba la sindano, unasukuma grisi, na kwa muda fulani hakuna atakayesikia kitu. Ulegevu unabaki palepale.

Fundi akakataa. “Linki nitakukatia raba ya tairi uende nayo. Boljointi siinyamazishi. Leta mpya, au nenda nayo ikilia.” Dereva akaondoka nayo ikilia, mwendo wa pole. Bibi alishuka na mjukuu wake kungoja gari jingine. Nami nikabaki naye.

Rahisi kusema fundi alikuwa mwaminifu na hadithi ikaisha. Lakini raba ya tairi nayo si kipuri halali. Kwa nini ile iwe sawa na sindano iwe kosa? Jibu langu ni kwamba ubora wa kazi si kipimo pekee. Raba ilikuwa kiraka, na mwenye gari alijua ni kiraka. Ikifa, kok-kok itarudi na hakuna atakayekuwa ameumia. Sindano ingeacha hatari vilevile na kuondoa taarifa yake. Ingemnyima bibi sababu ya kuuliza.

Mtu atasema bibi si mwenye gari, hakumlipa fundi. Hoja hiyo iliwahi kufika mahakamani. Mwaka 1916, Mahakama ya Rufani ya New York iliamua kesi ya Donald MacPherson dhidi ya kampuni ya Buick. Gurudumu la gari lake, lenye spoki za mbao mbovu, lilivunjika, naye akaumia. Buick ilijitetea kwamba gari ilimuuzia wakala, si yeye. Jaji Benjamin Cardozo aliandika uamuzi ulioikataa hoja hiyo: anayetengeneza kitu kitakachohatarisha maisha kikiwa kibovu, akijua kitatumiwa na watu wengine zaidi ya mnunuzi, ana wajibu kwao pia. Kwenye mchomoko watu hao wengine wanajulikana. Wamekaa nyuma, wamebanana.

Mtu mwingine atasema fundi akikataa, dereva ataenda kwa fundi wa mbele, na njaa haina maadili. Umaskini naujua, na ndiyo maana simlaumu dereva aliyeondoka na gari linalolia. Hakuwa na hela ya kipuri. Lakini umaskini unaeleza kwa nini gari halikutengenezwa. Hauelezi kwa nini abiria afichwe. Kukataa kutoboa ule mpira hakumgharimu fundi kipuri. Kulimgharimu ujira wa sindano moja, nao si kitu kidogo kwake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye gari, anayeficha ni mmoja na wanaoumbuka ni wengi.

Kwa hiyo nimejiwekea desturi. Gari likitoka kwa fundi likiwa kimya, sisemi asante kwa ukimya. Naomba kuonyeshwa kipuri kilichotolewa.