Mgeni Ajapo, Ni Nani Aponaye?

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sote tumeikuta methali hii vitabuni, na walio walimu kati yetu wameiandika ubaoni mara nyingi. Maelezo yake huwa mafupi: mgeni ni baraka, kwa hiyo tumpokee kwa moyo mkunjufu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayagusi swali lililomo ndani ya methali yenyewe. Nyumba moja ina watu wengi: baba, mama, watoto, bibi, pengine na msichana wa kazi. Mgeni ajapo, ni yupi kati yao aponaye?

Swali hili yafaa tulipime kwa nyumba tunazozifahamu, nazo ni zile za vitongoji vya Dar es Salaam. Katika mitaa ya zamani ya Magomeni, Kinondoni na Temeke, nyumba iliyozoeleka ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele pana baraza. Mlango mmoja huingia katika ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na nyuma kuna uwani penye jiko, bafu na choo. Mgeni hupokewa humo kwa hatua. Hupiga hodi, huitikiwa "karibu", huketi barazani, huletewa maji ya kunywa, ndipo huulizwa habari za huko atokako. Haulizwi kwanza ataondoka lini. Hata mjenzi alikuwa amekwisha kumwekea mgeni nafasi yake kabla hajafika, maana baraza ni mali ya mwenye nyumba, lakini hukaliwa na kila apitaye.

Mji huo umekua mno. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu 272,821. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728. Wengi wa waliohamia walianza kwa kupiga hodi katika chumba cha ndugu yao, Manzese, Tandika au Mbagala, wakalala ukumbini juu ya mkeka hadi walipopata kazi na chumba chao wenyewe. Kwa maana hiyo, mji wenyewe umejengwa na wageni waliokaribishwa. Siku hizi nyumba nyingi mpya hazina baraza. Zina ukuta, geti la chuma na vipande vya chupa juu ya ukuta. Wako wasemao kwamba ukuta ndio ulioua ukarimu. Sisi hatukubali upesi hivyo. Kumwogopa mwizi si kumchukia mgeni. Iko nyumba yenye geti ambayo mtu huingia akasahau kwamba alipita getini. Na iko nyumba yenye baraza pana ambayo mtu hukaa akihesabu dakika za kuaga.

Wengine hudhani kwamba nyumba hukaribisha kwa vyombo vyake. Tunaijua sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo watoto wa nyumba hawajawahi kuvinywea. Mgeni akibisha hodi, vikombe hushushwa, soda hukopwa dukani, na kuku aliyekuwa akitegemewa kwa mayai huchinjwa. Usiku, binti aliye kidato cha nne, ambaye mtihani wake uko karibu, huambiwa akakusanye madaftari yake ampishe mgeni chumbani. Mama huamka kabla ya alfajiri awashe jiko la mkaa. Asubuhi mgeni humshukuru baba: "Ama kweli, bwana, nyumba yako ina ukarimu." Sifa humwendea mmoja, na gharama hulipwa na wengine ambao hawakuulizwa.

Jambo hili si geni katika historia ya pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba sultani nguo alizozivaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili mavazi, akampa zile alizozivua. Mtoto wa sultani alipozitaka nguo zile zirudi, fakiri alipewa watumwa badala yake. Na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine pamoja na pembe za ndovu. Msafiri huyo anaeleza pia kwamba sultani alikuwa akizishambulia nchi za jirani na kuchukua ngawira.

Mara nyingi kisa hiki husomwa kama sifa ya ukarimu. Hebu tukitazame tena. Nguo zile zilikuwa mali ya sultani, naye alipozivua alipungukiwa yeye. Lakini watumwa wale hawakuwa wake ila kwa mabavu. Alipowatoa hakupungukiwa yeye. Waliopungukiwa ni wao, waliopoteza kwao na jamaa zao ili mtu mwingine asifiwe kwa kutoa. Hapo ndipo tunapopata kipimo chetu: ukarimu ni kutoa kilicho chako. Mwenye kutoa usingizi wa binti yake na mgongo wa mkewe bila shauri lao, hata akitoa kwa tabasamu, ametoa kisichokuwa chake.

Je, tufunge milango? La, hasha. Ila tuanze kwa ukweli. Neno "karibu" lenyewe maana yake ni kusogea, na mtu hawezi kusogezwa kwenye maisha anayofichwa. Familia ikishauriana mapema nani atalala wapi, nani atapika na nani ataosha vyombo, wanaume na wavulana wakiwemo, basi kila mmoja huwa mwenyeji. Naye mgeni akikuta kisamvu na dagaa vilivyopikwa vizuri, akaelezwa bila aibu kwamba ndicho chakula cha siku ile, huwa amepewa heshima kubwa kuliko kuku wa mkopo, maana ameaminiwa.

Mgeni naye ana wajibu. Yako mashairi ya zamani yanayomhesabia siku zake, tangu ya kwanza anapoandaliwa vizuri hadi ile ya kutolewa nje. Methali yetu ina busara zaidi: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya jadi kila mtu alifanya kazi. Sisi twaona humo jambo jingine pia. Anayepewa jembe hafukuzwi. Hupewa mahali pake miongoni mwa watu wa nyumba. Mjini jembe laweza kuwa ndoo ya maji, ufagio wa uwani, au kumsaidia mtoto hesabu.

Atauliza mtu: na mgonjwa je? Wageni wengi wa Dar es Salaam hutoka mikoani kufuata matibabu Muhimbili au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, nao hukaa majuma mengi bila nguvu ya kushika chochote. Huyu hadaiwi jembe. Lakini hata yeye asiwekwe peke yake sebuleni kama chombo cha kabatini. Akitandikiwa mkeka uwani, akasikiliza mazungumzo, akaulizwa shauri lake, yeye naye huwa amepewa mahali.

Basi, walimu na wanafunzi, tutakapoieleza tena methali tuliyoanza nayo, tusiishie kusema kwamba mgeni ni baraka. Kila mmoja wetu aitazame nyumba ya kwao usiku ule mgeni anapolala, amtafute aliyechoka kuliko wote, na amwulize kama yeye naye amepona. Jibu lake likiwa ni la, kazi ya kuikaribisha nyumba yetu kwa wageni haijaanzia getini wala sebuleni. Inaanza na yeye.