Bei ya Mchezaji na Thamani ya Mtu



Usiku wa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2025, nilikuwa likizo nyumbani Nakivale, nikaenda kibandani kuangalia Tottenham na Liverpool. Katika kibanda chetu mashabiki wa Liverpool hukaa mabenchi ya kushoto. Kulia hukaa wote wanaoombea Liverpool ifungwe, yaani Arsenal, Manchester United na Chelsea, watu ambao siku nyingine hawapatani hata kidogo. Kipindi cha pili Alexander Isak akafunga bao. Katika tukio hilo hilo beki aliyejitupa kuzuia shuti akamnasa mguu, na Isak hakuinuka. Mtu mmoja upande wa kulia akapaza sauti: "Bilioni 600 zimelala chini!" Tukacheka. Nasema tukacheka kwa sababu nami nilikuwemo.

Hesabu ya yule bwana haikuwa mbali na ukweli. Tarehe 1 Septemba 2025 Liverpool walimnunua Isak kutoka Newcastle kwa pauni milioni 125, ada kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kulipwa na timu ya Uingereza hadi siku hiyo. Ukiigeuza iwe shilingi za Uganda unakaribia hizo bilioni 600. Tangu siku ile pale kibandani kuna mjadala mmoja usiokwisha: je, thamani hiyo anayo? Wa kushoto wanakumbusha mabao yake 23 ya ligi akiwa Newcastle msimu wa 2024/25, na lile alilowafunga Liverpool wenyewe katika fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2025. Wa kulia wanajibu kwamba mabao ya zamani hayalipi deni la leo.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na ndugu zangu hupenda kuniuliza kama mpira ni halali. Swali hilo nawaachia wakubwa zangu. La kwangu ni dogo zaidi, nalo limenikaa moyoni tangu Desemba: tunapobishana kuhusu thamani ya kweli ya mchezaji mgeni, tunapima kitu gani hasa? Na tunayo haki ya kukipima?

Tuanze na bei. Mwaka 2022 Newcastle walimchukua Isak kutoka Real Sociedad kwa takriban pauni milioni 60. Miaka mitatu baadaye bei imekuwa maradufu. Mtu ni yule yule, aliyezaliwa Sweden kwa wazazi waliotoka Eritrea, na miguu ni ile ile miwili. Kilichobadilika ni mambo ya sokoni: umri wake, miaka iliyobaki katika mkataba, haraka ya mnunuzi, ukaidi wa muuzaji. Kwa hiyo bei inatueleza zaidi shida ya aliyenunua kuliko uzito wa aliyenunuliwa. Msomaji wa Qur'ani analijua hili kutokana na kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Aliuzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika, na waliomuuza hawakuwa na haja naye. Soko la siku ile halikukosea hesabu zake. Lilichokosa ni macho ya kumwona Yusuf.

Ikiwa ni hivyo, kumlaumu mchezaji kwamba "hafikii bei yake" ni kumbebesha mzigo ambao hakujitwisha. Anayeona bei ni kubwa mno na amlaumu aliyelipa.

Mtu atasema, mbona Isak mwenyewe alisukuma uhamisho ule? Kweli, aligoma kuichezea Newcastle hadi auzwe, hali mkataba wake ulikuwa haujaisha. Hapo tuna la kusema, maana Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuamuru kutimiza mikataba, na lile lilikuwa tendo lake mwenyewe. Lakini tazama tofauti. Tukizungumzia ahadi tunazungumzia kitendo. Tunaposema "huyu si kitu" tunamzungumzia mtu. Ulimi wetu huruka kutoka la kwanza hadi la pili bila hata kupumua.

Wangu uliruka siku iliyofuata.

Timu ya mtaa wetu ilikuwa imemsajili mshambuliaji mpya kutoka upande mwingine wa makazi, kijana wa miaka kumi na tisa aliyefika kutoka Kongo si muda mrefu uliopita. Timu yake ya zamani ilipewa shilingi laki moja na nusu kama kifuta jasho, naye akapewa viatu vya mpira. Fedha hizo zilichangwa mtaani, elfu moja moja, katika miezi ambayo mgao wa chakula umepungua na kaya nyingi zimeondolewa kabisa katika orodha. Kwa hiyo kila aliyechanga alijiona ana hisa katika miguu ya yule kijana.

Jumapili hiyo tukapanda magari mawili kwenda Mbarara kucheza mechi ya kirafiki. Tulifungwa 1-0, na kijana wetu akakosa penalti dakika za mwisho. Baada ya mechi nilisali Alasiri katika msikiti mmoja wa mjini. Nikiwa nafunga kamba za viatu mlangoni, mzee mmoja niliyemwona uwanjani akiwashangilia wapinzani wetu akanisalimu. Akaniambia: "Mwanangu, huyo namba tisa wenu msimuache. Penalti amekosa, lakini mabeki wetu wawili walikuwa wanamfuata yeye tu mchezo mzima. Wenzake ndio hawakuiona nafasi anayowaachia." Nikamwitikia, nikapanda gari.

Usiku ule kibandani wakaanza kumjadili. Nami, mtu wa masomo ya dini, nikasema: "Laki na nusu ile tungenunua mbuzi. Mbuzi hata akikosa penalti, mnamla." Kibanda kizima kikaangua kicheko, kushoto na kulia pamoja. Nilipogeuka nikamwona benchi la mwisho, amekaa, viatu vile vimefungwa kamba na kuning'inia shingoni. Hakusema neno. Baada ya muda akatoka.

Nimefikiria sana kosa langu lilikuwa wapi. Wepesi wa kusema ni kwamba nisingemjadili kabisa. Lakini hilo si jibu. Timu haiwezi kwenda bila kupima wachezaji, kama vile shule haiwezi kwenda bila mitihani. Dini yetu yenyewe ina elimu nzima ya kupima watu. Wanachuoni wa hadithi waliiita al-jarh wat-ta'dil, kuwatia dosari wapokezi na kuwathibitisha. Walitaja majina ya watu. Walisema fulani ni dhaifu, fulani anasahau, fulani ni muongo. Imamu adh-Dhahabi aliandika kitabu kikubwa kuhusu wapokezi waliosemwa, akakipa jina la mizani: Mizan al-I'tidal. Basi kupima si haramu kwa asili yake. Haramu inaingia katika namna ya kupima, na naona wanachuoni wale walikuwa na adabu tatu ambazo kibanda chetu hakina.

Ya kwanza, walipima jambo mahususi. Imepokewa kutoka kwa Imamu Malik kwamba aliwakuta Madina watu wengi ambao mmoja wao angekabidhiwa hazina ya Waislamu angekuwa mwaminifu, na bado Malik hakuchukua hadithi kwao, kwa sababu kazi hiyo haikuwa fani yao. Tafakari hapo. Mtu anakataliwa katika kazi moja, na heshima yake inabaki nzima mkononi mwa yule yule aliyemkataa. Mimi nilikuwa na haki ya kusema kijana amepiga penalti vibaya. Sikuwa na njia yoyote ya halali ya kutoka kwenye penalti hadi kwenye mbuzi.

Ya pili, walichunga maneno. Imamu al-Bukhari alikuwa mkali katika kupima, lakini hata mpokezi aliyemwona dhaifu sana mara nyingi alimtaja kwa maneno mafupi tu, kwamba watu wamemnyamazia, au kwamba kwake kuna la kutazamwa. Alichotaka ni watu wajihadhari na hadithi ya yule mpokezi. Kicheko hakikuhitajika. Sisi hatuwezi kupima bila kuchekesha, na kicheko hakijui kiasi. Kila msemaji lazima amzidi aliyetangulia, na anayelipia ni yule anayesemwa.

Ya tatu, ndiyo ngumu kuliko zote, hawakuacha uadui uinamishe mizani. Katika Sahihi yake al-Bukhari amepokea kutoka kwa Imran bin Hittan, mtu aliyejulikana kuwa ni Khawarij. Hakukubaliana na madhehebu yake, lakini ukweli wa ulimi wake hakuukana. Qur'ani imetukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Ukitaka kuona tulivyo mbali na hilo, tazama mpira wa kwetu Afrika Mashariki. Clatous Chama wa Zambia alipoihama Simba kwenda Yanga mwaka 2024, siku moja ilitosha: midomo iliyomwita fundi ikamwita mzee aliyekwisha, na midomo iliyomwita mzee ikagundua kuwa ni fundi. Mguu wa Chama haukujua kama kuna lililobadilika.

Naongeza jambo ambalo tunalijua na hatulisemi. Hasira nyingi za kibandani si za mpira. Ni za kamari. Kijana aliyeweka elfu tano akitegemea Isak afunge mabao mawili hawezi kumtazama kwa uadilifu, kwa sababu ameshamgeuza kuwa tiketi. Maysir imeharamishwa, na katika sababu zake Qur'ani imetaja uadui na chuki. Nilikuwa nadhani maana yake ni uadui kati ya wachezaji kamari wenyewe. Sasa naona unafika hata kwa mtu aliye mbali, asiyejua kama upo, anayelala majanini na mguu uliovunjika huku wewe unashangilia.

Mimi sikuwa nimebeti. Sikuwa na udhuru huo. Na kinachoniuma zaidi ni yule mzee wa Mbarara. Yeye alikuwa shabiki wa wapinzani, amefurahi kushinda, na ndiye aliyempima kijana wetu kwa haki: akataja kosa, akataja sifa, akanyamaza. Ushahidi ule nilikuwa nao mfukoni ninapoingia kibandani. Ningeutoa, mjadala ungebadilika. Nikauficha, kwa sababu ushahidi hauchekeshi. Kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo, na nilikuwa nimelisoma hilo darasani miezi michache nyuma.

Sisi tuliokulia Nakivale tulipaswa kuwa wa mwisho kufanya hivi. Tunajua maana ya kupimwa. Umewekwa kundi gani, unastahili mgao au hustahili, faili lako limefika wapi. Anayepima huenda analazimika kupima, maana chakula hakitoshi wote. Lakini kila aliyesimama katika foleni ile anajua tofauti ya karani anayepima hali yako na karani anayekutazama kana kwamba wewe mwenyewe ndiwe namba hiyo. Nilikuwa nimekaa upande wa foleni maisha yangu yote. Nilipopata kiti cha karani kwa usiku mmoja, nilifanya vile vile.

Imamu Ahmad amepokea kisa cha Zahir, mtu wa jangwani ambaye hakuwa na sura ya kupendeza, na Mtume (s.a.w.) alimpenda. Siku moja alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma, akauliza kwa mzaha nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir akamwambia kwamba basi atamkuta ni bidhaa isiyo na soko. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si wa bei rahisi. Nao ulikuwa mzaha, tena sokoni, mahali pa bei. Lakini mzaha ule ulimwacha mtu ameinuka, na wangu ulimtoa mtu nje.

Nilimwendea kijana kesho yake nyumbani kwao, nikamwomba msamaha. Akasema, "Kaka, yamepita." Nikaridhika, kisha nikakumbuka kwamba sikumvunjia heshima nyumbani kwao. Haki ya mtu hurudishwa pale ilipochukuliwa. Basi siku chache baadaye, wakati wa mapumziko ya mechi, nikasimama kibandani nikasema kwamba lile la mbuzi lilikuwa dhuluma, na nikaeleza aliyosema mzee wa Mbarara. Nusu ya watu hawakusikiliza. Mmoja alicheka. Mwingine akauliza, "Kwani mabeki wawili kweli walikuwa wanamfuata?" Wakaanza kubishana kuhusu hilo, na ulikuwa ubishi mzuri, wa mpira.

Yeye alikuwa benchi lile lile la mwisho. Aliniambia baadaye kwamba penalti ile hata yeye anajua aliipiga vibaya.

Wallahu a'lam.